Bibi ananiita mdogo wake, na mdogo wake yuko hai Uchina

Admin, jina langu libaki huko huko inbox. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mtu wa Mumias, Muislamu, na watoto wangu wawili wanalelewa na mama yangu. Nafanya kazi za nyumbani hapa Jeddah. Kabla ya hapa nilikuwa Riyadh kwa bosi ambaye sitaki hata kumkumbuka. Hapa nakula, nalala, mshahara unaingia. Kwa hivyo wale wa "rudi nyumbani dada", nisikilizeni kwanza, maana shida yangu si mateso.

Waajiri wangu ni Wasaudi kwa makaratasi, lakini asili yao ni Uchina. Wazee wao walikuwa Waislamu wa huko, wakakimbia serikali ilipopinduliwa, wakatangatanga mpaka wakafika huku. Madam amezaliwa hapa, Kichina chake ni cha kusalimia tu. Mwenye Uchina kichwani ni mama yake, bibi wa zaidi ya miaka themanini, na huyo ndiye kazi yangu. Namwogesha, namlisha, namkanda mgongo, tunaongea Kiarabu. Akili yake inakuja na kuondoka.

Mwaka jana alianza kusema amebeba mtoto mgongoni. "Mshushe," ananiambia, "huyu mzito." Namwambia mafi, hajja, hakuna mtoto. Analia mpaka anakwama pumzi. Siku moja nikachoka, nikafanya kama namfungua mtoto na kumlaza kitandani. Bibi akashusha pumzi, akanitazama usoni, akaniita Meimei. Kwao ndivyo unavyomwita mdogo wako wa kike. Jamani, nywele zilinisimama.

Tangu hapo ananisimulia jambo lile lile, wala halibadiliki. Siku waliyokimbia magari yalikuwa kadhaa, baba yao akiwa katika la mbele na wanaume, mama yao nyuma na wanawake. Meimei alikuwa amelala kwa jirani. Bibi, akiwa msichana wa miaka minane hivi, alitumwa akamchukue, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimbeba kutwa. Alifika mlangoni, akamwona amelala, akageuka akarudi mikono mitupu. Akamwambia mama yake, "Yuko gari la mbele na baba." Magari yakaondoka. Walipokuja kugundua, hapakuwa na njia ya kurudi.

"Nilitaka mgongo upumzike kidogo tu," ananiambia.

Wazazi waliamua kusema mtoto alikufa kwa homa safarini. Familia nzima inajua hivyo mpaka leo.

Sasa sikieni nilipojiingiza. Sisi wa kazi hizi tuna jibu moja, hadhir, yaani sawa, nimetii. Leta chai, hadhir. Piga pasi, hadhir. Mdomo unajibu kabla kichwa hakijasikia. Bibi akanishika mkono akasema, "Meimei, nisamehe, na usiwaambie watu wa nyumba hii." Nikajibu, "Hadhir, hajja." Akacheka kama msichana, na wiki ile alikula vizuri kuliko kawaida. Nikajiona nimefanya la maana.

Ijumaa moja mwezi uliopita akaja mgeni, binti wa Kichina, mkalimani katika kampuni ya ujenzi Riyadh. Alikuwa akiulizia ukoo wa bibi yake kwa wazee wenye asili ya Uchina, wakamwelekeza kwa madam. Bibi yake ni Meimei. Hakufa. Yule jirani alimlea. Alipokuwa msichana, huko kwao kulizuka wakati wa watu kusimamishwa hadharani na kutukanwa kwa sababu ya ukoo wao. Naye akasimamishwa, kosa lake wazazi waliokimbilia nje. Akaambiwa amlaani baba yake mbele ya umati. "Alimlaani," yule binti akatuambia, "na hata sura yake alikuwa haikumbuki."

Ijumaa hiyo, baada ya chakula, wakampigia Meimei kwa video. Nilikuwa nimeshika sinia ya chai. Kwenye simu alitokea uso wa bibi yetu kabisa, mashavu yale yale, ila umekonda zaidi. Madam akawa analia, "Mama, tazama, mdogo wako!" Bibi akaitazama simu, akatikisa kichwa, akaninyooshea kidole mimi.

"Meimei ni huyu. Ameshanisamehe."

Wenyeji wakacheka kwa huruma, wakasema ni uzee. Yule wa kwenye simu hakucheka. Aliuliza swali moja, binti akalitafsiri kwa Kiarabu: "Anauliza walimwacha kwa nini." Madam akamjibu kwamba zilikuwa vurugu, walidhani amekufa.

Binti akanifuata jikoni. "Ulimsamehe nini?" akaniuliza. Nikasema sijui. Akaniachia namba yake, akarudi sebuleni.

Nimemweleza rafiki yangu, Mkenya mwenzangu anayekaa mtaa wa Al-Mahjar. Akaniambia, "Wee, hiyo si stori yako! Wakijua mzee wao aliacha mtoto, atakayechukiwa ni wewe uliyesema. Utajipata eapoti na nguo ulizovaa. Maliza kontrakti yako, halas."

Huenda yuko sahihi. Ila sina amani. Kila siku bibi ananiuliza, "Bado umenisamehe?" nami nasema ndiyo, na kila nikisema naona uso ule wa kwenye simu. Naogopa. Natoa msamaha wa mtu mwingine, na mwenyewe hajaulizwa. Binti alituambia kifua kinamsumbua sana bibi yake, na madaktari hawampi matumaini. Nikisema, namvunja bibi ambaye ameniamini na pengine napoteza kazi. Nikinyamaza, yule mama wa Uchina atazikwa akiamini baba na mama yake hawakumtaka, na haikuwa hivyo. Walidhani wanaye garini.

Binti anarudi Ijumaa hii. Msinitumie emoji za kulia, nipeni neno ndugu zangu. Nimwambie, au ninyamaze?