Neno Lisilo na Mshenga

Nakumbuka siku moja ya kaskazi, mwanangu, na hasira yake haijanitoka hadi leo. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, nami ni mwari nyumbani kwetu Makorora. Mwalimu Hamisi wa Mabawa alibisha hodi, kanzu yake imepigwa pasi ikanyooka kama karatasi. Mimi na shangazi tulikuwa nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kumposa Mwanaidi."

"Marahaba." Baba akachungulia mlangoni. "Mshenga umemwacha nje?"

"Sina mshenga, mzee. Nimekuja immediately." Akaeleza kwa madaha: "Neno hilo Waingereza wamelitoa Kilatini. Medius ni katikati, na ile in ya mbele inakana. Watu hudhani maana yake ni upesi tu. Kumbe asili yake ni pasipo mtu katikati!"

Shangazi akaninong'oneza, "Kameza kamusi, kasahau adabu."

Lakini baba, aliyependa elimu kupita kiasi, alicheka. "Basi nami nakujibu hivyo hivyo. Nimekupa."

Nimekupa! Kama anayegawa embe. Hamisi nilimpenda, sikatai. Ila alikuwa anahamia Lushoto, na mama yangu alikuwa kitandani, hajiwezi. Kwetu binti hafungui kinywa mbele ya mposaji. Sharti langu nilikuwa nimeliweka kwa shangazi, yeye ampe mshenga, mshenga alifikishe. Sasa apewe nani? Mlatini?

Nilimfinya shangazi mkono. Akalifungua pazia.

"Kaka, hapo katikati mnapopafagia, amesimama mwanao!"

Hamisi akainamisha kichwa, akaomba radhi, akatoka. Ijumaa akamleta ami yake wa Tongoni awe mshenga. Sharti langu likaenda: sitoki Tanga mama akiwa katika hali ile. Jibu likarudi: atatangulia peke yake, atangoja.

Alingoja. Ndiye niliyezeeka naye.

Mwanangu, soma Kilatini, chimba kila neno mpaka mzizini. Lakini akija mtu na neno zuri, akakwambia desturi fulani ni kizuizi, iondolewe leo hii, usikimbilie kupiga makofi. Tazama kwanza ni nani anayesemea hapo. Huenda hana pengine pa kusemea. Mungu akujaalie sauti inayosikika, na siku utakaposhindwa kunena, akupe wa kukufungulia pazia. Amin.