Treni Zilale Agadir

Kwa miaka ishirini na miwili Ijja Oubihi aliuza tiketi za ndege, na yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege hata mara moja. Si kwamba aliogopa. Hakuwa na pa kwenda. Alikaa nyuma ya meza katika ofisi ndogo ya wakala mjini Agadir, mlango unaofuata ni wa muuza miwani, akiwapangia watu safari za Casablanca, Paris, Brussels na Las Palmas, kisha jioni akapanda basi la mjini kurudi Inezgane alikoishi na mama yake. Saa za ndege zote za wiki alizijua kwa kichwa. Alizijua pia nyuso za wanaonunua tiketi ya kwenda bila ya kurudi, maana hao walikuwa wakiishika ile karatasi kwa mikono miwili.

Baadaye watu wakaanza kununua tiketi kwa simu zao. Mwenye ofisi alijikongoja miaka mitatu, kisha mwezi wa Machi akashusha chuma cha mlango na hakukipandisha tena. Ijja alikuwa na miaka arobaini na sita, ameachika zamani, hana mtoto, na kazi aliyoijua ilikuwa imekwisha duniani.

Mwezi wa Mei akasikia kwamba kampuni moja ya washauri kutoka Rabat inatafuta watu wa kuhoji wasafiri. Reli ilikuwa inaishia Marrakech. Kulikuwa na mpango wa kuipitisha milimani, kwa mahandaki na madaraja, mpaka Agadir, ambako treni haijawahi kufika. Kabla ya kuchora chochote, wakubwa walitaka kujua nani angeipanda, nani angebaki na ndege yake, na nani angebaki na basi. Ijja alipewa kishikwambi, kizibao cha rangi ya machungwa na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Wiki tatu uwanja wa ndege, wiki tatu kituo cha mabasi.

Mama yake, Bi Rqia, alikisikiliza kisa chote huku akimenya viazi.

"Yaani wanakulipa kuuliza watu wanakwenda wapi?"

"Ndiyo, mama."

"Kazi hiyo mimi nimeifanya bure maisha yangu yote."

Uwanja wa ndege haukumpa taabu. Wasafiri walikuwa wamekaa, wamechoka kungoja, na swali lolote lilikuwa afadhali kuliko kutazama ukuta. Siku ya pili akakutana na Hajj Lhoussaine, mfanyabiashara wa samaki ambaye kwa miaka mingi alikuwa akinunua kwake tiketi ya Casablanca ya kila Jumatatu. Mzee alimtazama kuanzia kizibao mpaka viatu.

"Ijja. Umehamia kwa maadui?"

"Nauliza tu, Hajj. Kungekuwa na treni inayokufikisha Casablanca kwa saa nne, ungeacha ndege?"

"Ninyi ndio mlionipandisha ndege. Leo mwataka nishuke?"

"Mimi sitaki kitu. Naandika unachosema."

"Basi andika hivi: Hajj Lhoussaine atapanda treni siku ndege itakapomwacha."

"Hakuna kisanduku cha jibu hilo."

"Kuna visanduku gani?"

"Ndiyo, hapana, labda."

Mzee akavuta begi lake karibu. "Weka labda. Lakini usiwaambie wale wa kaunta, watanipeleka kiti cha nyuma."

Kituo cha mabasi kilikuwa dunia nyingine. Pale hakuna aliyekaa. Wapiga debe walikuwa wakiita miji kwa sauti za kukwaruza, mizigo inapandishwa juu, watu wanajibu huku jicho moja liko kwenye basi. Ijja akajifunza kuuliza akitembea. Na ndipo alipogundua kwamba fomu ina kasoro.

Swali la sita lilikuwa: sababu ya safari. Majibu yalikuwa manne, yaani kazi, masomo, kutembelea ndugu, utalii. Chini yake palikuwa na kisanduku cha "mengineyo" na mstari mfupi wa kuandika. Siku ya kwanza alipofika kwa mwanamke mmoja aliyebeba binti wa miaka minne hivi, miguu yote miwili imefungwa plasta mpaka kiunoni, hakujua abonyeze wapi.

Mwanamke huyo aliitwa Yamna, wa kijiji kimoja upande wa Taroudant. Mtoto alizaliwa na nyonga zisizokaa mahali pake, na daktari wake alikuwa Marrakech.

"Kila baada ya wiki sita twaenda," alisema Yamna. "Miadi huwa saa tatu asubuhi. Leo twaenda, kesho twaonwa."

"Kwa nini usiondoke usiku uingie asubuhi?"

"Dada, basi la usiku linakushusha Bab Doukkala, kituo cha Marrakech, saa kumi alfajiri. Nitakaa naye wapi, na plasta hii? Nalala kwa mke wa binamu yangu. Mara ya kwanza alinichinjia kuku. Mara ya nne akanipa supu. Safari hii naona nitapewa maji."

Alicheka mwenyewe, kisha akauliza, "Hiyo treni yenu itafika Marrakech saa ngapi?"

Ijja hakujua. Aliandika kwenye mstari mfupi: hospitali. Kufikia magharibi alikuwa ameliandika neno hilo mara kumi na tisa.

Baada ya wiki moja alipigiwa simu kutoka Rabat na mhandisi Ghali Bennis, kijana wa miaka thelathini na moja aliyekuwa msimamizi wa dodoso lile. Sauti yake ilikuwa ya adabu, ya mtu mwenye haraka.

"Bi Ijja, kazi yako ni safi. Tatizo ni hayo 'mengineyo'. Mashine haihesabu maneno ya kuandikwa, inabidi mtu akae ayasome moja moja. Wenzako wakikutana na mgonjwa wanaweka 'kutembelea ndugu'."

"Daktari si ndugu yao."

"Najua. Lakini ni wangapi hao?"

"Mhandisi, wewe umewahi kwenda Marrakech kutoka hapa kwa basi?"

"Huwa nakuja kwa ndege."

"Njoo basi tupande pamoja. Kisha uniambie nibonyeze wapi."

Alisema hivyo bila kutarajia kitu, na akashangaa Jumanne iliyofuata kumwona kijana yule kituoni, amevaa shati jeupe, ameshika chupa ya maji. Walipanda basi la bei nafuu, lile linalopita barabara ya zamani milimani na kusimama kila anapojitokeza mtu. Watu arobaini na wanne walikuwamo. Hadi Argana mhandisi alikuwa akitazama dirishani, akimwonyesha Ijja mahali ambapo daraja lingekaa na mahali ambapo mwamba ni mbovu. Kona zilipozidi akanyamaza. Uso ukabadilika rangi. Ijja akamkatia kipande cha limau.

"Nyonya, usilimeze. Na tazama mbele, si pembeni."

Alipopata nafuu kidogo, alisimama, akashika viti huku na huku, akawauliza watu wote swali la sita yeye mwenyewe, kiti kwa kiti. Mzee mmoja alimwambia anakwenda kutolewa mtoto wa jicho, na mkewe amekuja ili amsomee vibao. Fundi bomba alikuwa anakwenda kazini. Wasichana wawili walikuwa wanarudi chuoni. Alipomaliza, hesabu ya wanaokwenda kwa daktari na wanaowasindikiza ilikuwa watu kumi na saba. Alirudi kukaa. Walipofika Imintanout basi likasimama ili watu wale nyama ya kuchoma na chai.

"Nitaongeza sababu ya tano," alisema hapo, akiigusa nyama bila kuila. "Na zile fomu zako za nyuma nitazisoma mwenyewe."

"Na za wenzangu?"

"Za wenzako hatutajua kamwe," alijibu, na ilionekana jambo hilo linamuudhi kweli.

Dodoso lilipofungwa, ilibainika kwamba katika mabasi ya Marrakech karibu mtu mmoja kati ya watatu anakwenda kwa ajili ya ugonjwa, wake au wa mwenzake. Uwanja wa ndege walikuwa watatu kati ya mia. Mwezi wa Oktoba kukaitishwa mkutano Rabat, na Ghali akaomba mmoja wa wahojaji aitwe. Kampuni ilimtumia Ijja tiketi ya ndege.

Aliitazama ile tiketi kwa jicho la ufundi, akaona wamemwekea kiti cha katikati, akapiga simu akabadilisha kuwa cha dirishani. Mama yake alimsomea dua na kumfungia mkate na mayai kwenye kitambaa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alitoka nyumbani. Teksi, foleni, ukaguzi, foleni nyingine, kungoja. Ndege ilipoinuka alihisi tumbo likibaki nyuma, basi. Alikuwa amewaeleza watu jambo hilo mara elfu, na ilikuwa kama alivyowaeleza. Kitu ambacho hakuwahi kumweleza mtu, kwa kuwa hakukijua, ni jinsi milima ile inavyoonekana kutoka juu: kavu, imekunjwakunjwa, na barabara ya basi ni uzi mwembamba uliosahauliwa juu yake. Alijaribu kukisia Imintanout iko wapi. Kabla hajaipata walikuwa wanashuka. Alikula yai lake kwenye treni ya kutoka uwanja wa ndege wa Casablanca, na saa saba kasoro aliingia ukumbini Rabat.

Walikuwa watu kama ishirini. Ukutani ilitundikwa ratiba ya kubuni ya treni ambazo bado hazipo. Ijja, aliyezoea ratiba, aliisoma kabla hajaisalimu meza. Treni ya kwanza ya kutoka Agadir iliwekwa saa mbili na nusu asubuhi.

Mwanauchumi mmoja mwenye ndevu za mvi alikuwa akieleza kwamba abiria wenye haraka ya asubuhi watabaki na ndege, na hakuna haja ya kuwagombania. Ghali akamgeukia Ijja na kumwomba aseme aliyoyaona.

"Kwanza naomba kuuliza," alisema Ijja. "Kwa nini treni ya kwanza ya kwetu imechelewa hivyo?"

"Kwa sababu treni zitalala Marrakech, bibi," alijibu yule mwanauchumi kwa upole. "Asubuhi zinakuja kwenu, kisha zinageuza. Hivyo hatujengi karakana nyingine."

"Mtu mwenye miadi saa tatu Marrakech atapanda ipi?"

"Atakwenda jana yake."

"Ndivyo anavyofanya sasa, kwa basi. Basi mmejenga reli na yeye bado analala kwa mke wa binamu."

Wengine wakatabasamu. Mwanauchumi hakutabasamu, lakini aliandika kitu. Akamuuliza yeye binafsi huona afadhali ndege au njia ya nchi kavu.

"Leo nimetumia zaidi ya saa sita tangu mlangoni kwangu. Angani nimekaa dakika hamsini na tano. Zilizobaki ni foleni na kungoja. Kesho narudi kwa treni na basi, nitawaambia." Kisha akaongeza, "Wenye haraka si wale wenye mabegi ya kompyuta tu. Wagonjwa nao wana haraka. Treni zilale Agadir."

Kurudi kulimchukua saa tisa na nusu. Treni mpaka Marrakech ilikuwa tulivu, na alizungumza na mwalimu mmoja mstaafu njia nzima. Basi la kutoka hapo liliharibika mkanda wa feni karibu na Chichaoua, wakakaa juani zaidi ya saa nzima. Alimwandikia Ghali ujumbe wenye hesabu mbili tu za saa, ya kwenda na ya kurudi.

Taarifa ilitoka mwezi wa Januari. Ghali alimpigia simu. Treni ya kwanza kutoka Agadir ilikuwa imesogezwa hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mashariki ya mji pakachorwa mahali pa kulaza treni mbili.

"Ni mchoro tu, Bi Ijja. Pesa hazijapatikana. Huenda ikapita miaka kumi."

"Najua."

"Nilitaka tu usikie kwangu."

Ijja alimshukuru, akarudi kusuuza vyombo. Hakumwambia mtu siku hiyo. Alipomweleza mama yake kesho yake, Bi Rqia aliuliza kama atalipwa zaidi kwa maneno yale, akaambiwa hapana, akasema basi wamebahatika. Ijja alimfikiria Yamna. Alihesabu kwamba mtoto yule angekuwa ameshatolewa plasta, au ameshakuwa mtu mzima, kabla treni yoyote haijapita.

Majira ya kuchipua akapewa mkataba mwingine, wa kufuatana na wapimaji wa ardhi katika bonde la Argana, kuandika nyumba, visima na miti ya argani iliyo kwenye njia. Alifaa kwa sababu anazungumza lugha ya huko na kwa sababu hachoki kuuliza. Nyumba ya mwisho siku ya kwanza ilikuwa ya ajuza mmoja aitwaye Tlaytmas, aliyewakaribisha kwa mkate wa moto na kibakuli cha lozi zilizosagwa na asali na mafuta ya argani. Alingoja wamalize kula kwanza, ndipo akauliza.

"Hicho kitu kitapita mbele ya nyumba au nyuma?"

Ijja aliikunjua ramani kwenye jamvi. Mstari mmoja ulikuwa mwekundu na mwingine wa buluu, na nyumba ilikuwa katikati yao.

"Bado hawajakubaliana, mama. Mmoja unapita chini kule mtoni. Mwingine unachukua ile miti yako sita."

"Na wewe wataka upi?"

"Mimi naandika tu unachosema."

Ajuza akamsogezea kibakuli. "Basi kaa vizuri," alisema. "Nina mengi."

Ijja akavua viatu, akawasha kishikwambi, na wapimaji wakatangulia kwenda garini.