Nilivyomfungulisha mkanda Mwalimu Zuhura

Naendesha teksi hapa Songea, na ujuaji wangu umeniponza. Mwalimu Zuhura, mjamzito wa miezi saba, alikaa mbele akafunga mkanda, akaupitisha chini ya tumbo.

"Fungua, dada, utambana mtoto."

"Kliniki wametufundisha hivi."

"Mimi nimezeekea barabarani," nikajitapa. Akafungua.

Karibu na Ruhuwiko bodaboda ilinikatizia. Nilifunga breki, tumbo lake likagonga dashibodi.

Hospitalini mumewe alinishukuru sana kwa kumuwahisha. Nikazipokea shukrani bila kutaja mkanda.

Nesi akatoka. "Pole, baba. Mama anaendelea vizuri, ila mtoto tumempoteza. Anasema dereva ndiye aliyemwambia afungue mkanda."

Yule baba akanigeukia polepole. "Kaka, dereva si ndiye wewe?"