Babu wa Altareni

Msinicheke kabla sijamaliza. Mke wangu alikuwa karibu kujifungua, nami nilisikia kwamba kikanisa cha misheni Ushirombo kina mfupa wa mtakatifu. Nikaomba ruhusa mgodini, nikaenda. Nikaukuta mfupa juu ya zulia, mbele ya altare, mkubwa kama wa paja. Nikapiga magoti.

“Shikamoo, babu.”

Nikaunyunyizia maji ya unga wa mtama, kama tunavyowafanyia wazee wetu waliokufa huku Usukumani, nikambembeleza amsaidie mke wangu.

Katekista aliyekuwa akifagia akacheka hadi akashika benchi. “Baba, wa mtakatifu ni mdogo kama ukucha, umefungiwa ndani ya altare!”

Kabla sijauliza huu ni wa nani, mbwa wa padri akaingia, akambeba babu yangu mdomoni, akatoka naye akitikisa mkia.