Mashine Tuliyoiacha Msumbiji

Kuna asubuhi moja, mwanangu, hainitoki kichwani mpaka leo. Kwa kuwa umekuja kuniaga unakwenda Msumbiji kwenye kazi za gesi, kaa kidogo nikusimulie.

Nilikuwa fundi kijana hapahapa Temeke. Tajiri yangu, Mzee Salum, alikuwa na duka la vipuri alilorithi kwa baba yake. Siku hiyo alituita mimi na fundi mwenzangu Festo, kijana wa Bukoba, mcheshi asiyeogopa kitu. Akatuambia amenunua mashine za kiwanda cha korosho kilichofungwa, kaskazini mwa Msumbiji. Twende tukazifungue, tuje nazo.

Tulifika kiwandani jioni na lori, tumechoka. Mlinzi akatupa pa kulala stoo, tena akatuambia asubuhi tusishangae watu. Hatukumwelewa.

Jua lilikuwa limeshatoka niliposikia nyayo. Wanawake waliingia kwenye ukumbi wa mashine kwa mlango wa nyuma, wazee kwa watu wazima, wamefunga vilemba vyeupe vilivyochakaa. Hawakutusalimia. Kila mmoja alikwenda kwenye mashine yake, akakaa, akaweka mguu kwenye pedeli na mkono kwenye wenzo, wakaanza kazi. Korosho hazikuwepo, hata moja. Mikono ilichukua hewa, ikaiweka kwenye kisu, mguu ukakanyaga, ganda lisilokuwepo likatupwa kando. Ukumbi mzima ulikuwa ukigonga kwa pamoja, na mle ndani mlikuwa na harufu ya mafuta ya maganda yanayoungua, wakati tanuru lilikuwa baridi na ndani yake wamelala popo.

Kisha nikaona kiti kimoja hakina mtu. Pedeli yake ilikuwa inapanda na kushuka sawasawa na zile nyingine. Mimi ni fundi, mwanangu. Niliinama nikatazama chini: haikuunganishwa na kitu chochote.

Mama mmoja aliyekuwa jirani na kile kiti aliniuliza kwa Kiswahili chetu kabisa natoka wapi. Nikamwamkia, nikamwambia Temeke. Akatabasamu. Jina lake Bi Atija. Wakati wa vita vya kumtoa Mreno alikimbilia kwetu, akaishi Temeke, akarudi kwao bendera ya uhuru ilipopandishwa. Alinisimulia bila kusimamisha mikono. Wareno waliondoka kwa hasira, wakamwaga saruji kwenye mabomba ya maji wasije wakayatumia wengine. Wanawake wale wakayachimbua, wakawasha kiwanda. Vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakawa wanakuja kazini kupitia msituni. Amani ilipopatikana wakadhani wamefika. Kumbe wakubwa waliotoa mikopo kwa serikali walitaka korosho ziuzwe ghafi, zibanguliwe ng'ambo. Siku moja wakaambiwa wasirudi tena.

"Hakuna aliyetuuliza," alisema. "Sisi tukaja kesho yake. Tumeendelea kuja."

Nikamuuliza kile kiti ni cha nani.

"Cha Rosa. Aliuawa njiani wakati wa vita, akija zamu. Yeye hajakosa hata siku moja. Fungueni zote, mmeuziwa. Yake iacheni."

Festo alicheka. Alisema hatukuja mpaka huko kuacha mzigo, akapiga goti, akaweka spana kwenye bolti ya ile mashine. Hapohapo pedeli zote zikasimama. Wale wanawake wakageuza shingo kumtazama, hawana hasira, wanamtazama tu kama mtu anayetazama maiti. Festo akaiweka spana chini taratibu, akatoka nje.

Tulipakia nyingine zote, na wao wenyewe wakatusaidia kubeba. Lori lilipowaka nikaangalia nyuma. Ukumbini ilibaki mashine moja, lakini mlio uliotoka mle ulikuwa wa ukumbi mzima. Tukavuka mto Ruvuma, tukarudi Temeke. Nilipomweleza Mzee Salum kwa nini imepungua moja, aliniambia nimefanya vizuri. Festo hakulizungumza jambo lile mpaka anaingia kaburini.

Nakwambia haya si kwa kukutisha. Nchi ile imebadilisha wakubwa na mipango mara nyingi, na kila mara wenye kalamu hukubaliana huko juu, walioshika kazi hupata habari mwisho. Sasa ni zamu ya gesi, na unasikia mwenyewe vijiji vilivyohama na vijana walioingia porini na bunduki. Usifike pale ukatazama mabomba tu. Uliza nani alikuwa analima hapo, nani alikuwa anavua, wako wapi siku hizi, na uwajue kwa majina. Ukiambiwa na wenyeji kitu fulani kiachwe, kiache, hata kama bosi wako ana karatasi yake. Na wewe ukipanda cheo, usimfukuze mtu kazini bila kukaa naye chini ukamweleza.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie njiani, akuepushe na risasi na tamaa, na kila utakapoingia wenyeji wapate amani kwa ujio wako. Akurudishe mzima, nikuone.