Kuku wa Kishungi Walioshuka na Mama hadi Mtowisa

Jambo lile lilitugharimu jogoo mmoja, mitetea wawili na miezi ya mvua ambayo mama yangu hakucheka hata kidogo. Nimehesabu mara mbili, maana mimi hata chenji ya ndugu yangu wa damu naihesabu mara mbili, na jibu ni lile lile. Hesabu hiyo hunirudia pale sokoni Sumbawanga, wanapomwaga maji ya moto kwenye ndoo ya kunyonyolea kuku. Harufu ya manyoya yaliyolowa ikinifikia, naacha kubishana bei. Muuzaji anadhani amenishinda. Kumbe mwenzake niko Mtowisa, nina miaka tisa, nimechuchumaa mbele ya banda.

Sisi tulikuwa watu wa Mwazye, huku juu, ambako asubuhi za mwezi wa sita mtu akikusalimia unaona salamu yake inatoka na mvuke. Baba alipata shamba la mpunga bondeni, huko Mtowisa, akatangulia; sisi tukafuata mvua zilipokaribia. Siku ya kuondoka, bibi mzaa mama hakuwa na maneno mengi. Alimkabidhi mama tenga lenye mitetea watano na jogoo mmoja, wote wa kishungi, manyoya yamesimama utosini kama kilemba cha harusini. Mwazye nzima, ukimwona kuku wa namna hiyo njiani, hukuuliza ni wa nani. Alikuwa wa nyumba ya bibi. Jogoo mwenyewe alikuwa na kishungi cheupe kirefu hata baba, alipomwona anashushwa kwenye lori, akambatiza Askofu.

Nakumbuka lori lilipoanza kuteremka. Hewa ilitupiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria ya wali karibu na pua zetu. Abiria wote wakaanza kuvua masweta. Mama hakuvua.

Kwetu kuku hulala jikoni, karibu na mafiga, kwa sababu ule upepo wa Ufipa hauna huruma na kiumbe chochote. Basi kazi ya kwanza ya mama kule Mtowisa, hata kabla hatujatundika chandarua, ilikuwa kujenga banda la Kimwazye: kuta za udongo zilizozibwa hadi tundu la mwisho, na mlango wa kuingia kwa magoti. Mvua ya kwanza iliponyesha, akatia makaa kwenye chungu kilichovunjika, akakisukumia ndani.

"Wasije wakapata baridi," alisema.

Baba alikuwa amejilaza barazani bila shati, anajipepea kwa kipande cha boksi. Aliyatazama yale makaa, akaongeza kasi ya kujipepea. Alikuwa mtu mwenye akili.

Aliyesema ni jirani yetu, Mama Kulwa, mfugaji wa Kisukuma aliyepitisha ng'ombe mbele ya nyumba yetu kila siku. Aliinama kuchungulia, joto la mle ndani likamrudisha nyuma.

"Mama Teresia, hawa unawafuga au unawabanika?"

"Kwetu ndivyo tunavyowalaza."

"Kwenu wapi? Si umeshahamia hapa?"

Mama akampa mgongo. "Teresia, funga huo mlango, baridi inaingia."

Baridi! Jasho lilikuwa linanichuruzika mpaka visiginoni.

Kuku wakaanza kuchoka. Walihema midomo wazi, mabawa wameyaachia kama makoti ya kuazima. Maji tuliwawekea kwenye beseni pana, nao kila wakiinama kunywa, kishungi kikaingia chote, kikalowa, kikashika vumbi na kuwafunika macho. Katika unyevu ule hakikukauka. Utitiri ukajijengea mji humo, macho yakavimba. Kuku asiyeona hawezi kula, wala hajui kivuli kiko upande gani. Askofu alifariki siku ya Jumapili, kama cheo chake kilivyostahili. Mitetea wawili wakamfuata wiki ile ile. Baba alijaribu kusema kwa sauti ndogo kwamba nyama ni nyama. Mama alimtazama tu. Baba akakumbuka kuna kazi shambani, na mama akachimba shimo peke yake.

Kisha dereva wa lori akatuletea habari za nyumbani: ugonjwa wa mdondo umepita Mwazye, nyumba ya bibi hakuna kuku hata wa dawa. Kwa hiyo wale watatu waliobaki bandani, wanaotweta gizani, ndio walikuwa mbegu yote iliyosalia.

Kesho yake mama alivuka njia akaenda kwa Mama Kulwa. "Nifundishe," alisema.

Mama Kulwa, aliyekuwa mtu wa kucheka hata msibani, siku hiyo hakucheka. Walibomoa udongo wote. Wakainua banda jipya juu ya nguzo, kuta za matete upepo upite, chini wakamwaga pumba za mpunga, na mimi nikapewa kazi ya kuziondoa kila zikipata unyevu. Beseni likaondolewa; tukatoboa dumu tundu la kuingiza mdomo tu, likakaa kivulini. Chakula kikawa alfajiri na jioni, kwa sababu kuku aliyeshiba juani anajipikia mwenyewe kwa ndani. Majivu ya kuogea dhidi ya utitiri. Yote hayo mama aliyakubali. Halafu Mama Kulwa akatoa mkasi.

"Na hivi vishungi tuvipunguze, waone."

"Hivyo hapana."

"Shoga yangu, kuku afe kwa ajili ya nywele?"

"Mama yangu akija kunitembelea, atawatambuaje?"

Mama Kulwa akamtazama toka juu hadi chini. "Si atakukuta wewe? Au na wewe anakutambua kwa kishungi?"

Mama alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na machozi yalipoanza kumtoka sikujua tena ni ya kicheko au ya kitu gani. Kisha akachukua mkasi yeye mwenyewe. Mimi nilimshika kuku. Alikata kidogo kidogo, yale ya juu ya macho tu. Kuku akapepesa macho, akatutazama kama wageni, akaenda kivulini bila kuelekezwa. Asubuhi iliyofuata mama alikwenda kisimani bila sweta.

Jogoo wa Mama Kulwa akatusaidia kazi iliyobaki, na vifaranga wakatoka, wengine na vishungi, wengine vipara. Baada ya muda Mtowisa wakawaita kuku wa Mama Teresia.

Miaka yote niliamini mama hakujua joto ni nini. Lakini ngozi yake ilikuwa kama yangu, jasho lake nililiona. Alijua. Alichotaka ni chumba kimoja tu duniani ambacho bado ni Mwazye, na kwa kuwa yeye hakuenea humo, aliwaingiza kuku.

Sasa baba hayupo. Mama nimempandisha hapa Sumbawanga, nyumba ya bati jipya, madirisha ya vioo, kila ufa nimeziba. Naye kila alfajiri anayafungua yote, upepo unaingia, anakaa hapo na kuuliza kama bondeni mvua imeanza na nani anawafungulia kuku. Namwambia, "Mama, hapa ndipo kwenu." Ananitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto.

Wewe uliyewahi kumtoa mzazi bondeni ukamleta huku juu, naomba uniambie ulifanyaje akazoea. Na kama ulishindwa ukamrudisha, niambie hilo pia, bila kunionea haya.