Dole Gumba la Mjane

Mtu akitafuta shahidi wa wema alioutenda, wema huo hubaki wema, au hugeuka deni? Najiuliza hivyo tangu miaka ile ya soko huria, na jibu bado sina.

Nilikuwa nimeacha ualimu nikanunua mashine ya kusaga, nikaifunga nyuma ya nyumba yangu mjini Bariadi. Ofisa wa kodi alipokuja kunikadiria, alikuta foleni ya ndoo za mahindi imefika barabarani. Hakujua kwamba jirani yangu amefariki, na kwamba unga wote wa siku ile ulikuwa wa msiba, nausaga bila malipo. Nami sikumwambia. Wanawake wa nyumba ya marehemu walisimama pale pale. Kutamka neno "bure" mbele yao kungekuwa kuwasimanga. Akaipima biashara yangu ya mwaka mzima kwa foleni ile. Kodi aliyoiandika ingeimeza mashine.

Mhasibu niliyemfahamu wa kuniandalia ritani ya kodi na pingamizi la makadirio alikuwa mmoja, na nilimchukia. Zamani, akiwa karani wa chama cha ushirika, aliipunja pamba ya baba yangu kwenye mizani huku akimwamkia kwa heshima zote. Ushirika ulipoyumba, akaweka meza kwenye baraza la duka na kuiita ofisi.

"Ngosha! Msomi wetu!" alicheka nilipomweleza yaliyonipata, akiniita mwanamume kwa Kisukuma. "Chuo kikuu kilikufundisha kusaga bure?"

"Nimekuja kuuliza. Sijakuajiri."

"Basi sikia. Bila maandishi ya wafiwa, hapakuwa na msiba. Mjane aweke dole gumba kwamba ulimsagia bure. Yaliyobaki niachie."

"Hayo ni masimango."

"Masimango hayana nafasi kwenye fomu, ngosha. Mauzo yanayo."

Niliondoka bila kumuaga. Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba ritani nitaijaza mwenyewe na pingamizi nitalipeleka mwenyewe. Alikuwa anachemsha michembe ya viazi, hakuinua macho.

"Wewe ukienda utabishana na watu wa kodi, watakuongezea. Na mashine ikifungwa, msiba ujao utawasagia watu kwa mdomo?"

"Unataka nikamdhalilishe mjane?"

"Nataka useme unalinda nini, baba. Mjane, au sifa zako?"

Nilimchukia kwa kulisema neno hilo, na zaidi kwa kulisema kwa sauti ile ile anayoombea chumvi. Kwa maana nilijua kwamba tangu siku ya msiba nilikuwa nikijiona mtu mwema, na kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa kumenipendeza. Hata hivyo sikuona kwa nini kujua hivyo kumfanye mjane alipe. Tulikula michembe. Mashine ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta, nami nikaisikiliza kama mtu anayesikiliza mgonjwa wake akipumua.

Kesho yake asubuhi nilimpa mhasibu malipo yake ya kwanza, nikamtangulia hadi uani kwa mjane.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama asubuhi.

Aliitikia, akatukaribisha viti. Mhasibu akasoma karatasi kwa sauti, na kila alipofika kwenye neno "bure" alilikazia. Mjane hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Kumbe ulikuwa unahesabu?"

Nikafunua pedi ya wino, nikaishika mbele yake mpaka akaweka dole.